Boyie Alikuwa Supahiro, na Alijua Nani wa Kuchekwa

Wasee, swali la leo ni moja: shujaa akicheka sana, bado ni shujaa?

Siulizi tu hivi hivi. Mwezi wa sita 2024, siku zile za maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, nilirekodi kavideo hapa Kericho mjini. Gesi ya kutoa machozi imeingia mpaka ndani ya hoteli, watu wanakohoa, mimi nimeshika kikombe nasema leo chai ya Kericho imekuja na pilipili yake. Manze, video ilishika. Nililala nikijiona supastaa. Kuamka, simu imejaa habari za vijana waliopigwa risasi Nairobi. Katikati ya wale wote waliocheka, dem mmoja nisiyemjua alikuwa ameniandikia maneno machache: "Bro, hapo ulikuwa unacheka na nani?"

Video niliifuta. Swali halikufutika.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi kwa komiki moja ambayo wengi wenu mliikuta ndani ya gazeti la Jumamosi au kwa mama wa M-Pesa mkiwa wadogo: Shujaaz. Naamini yule DJ Boyie alikuwa na jibu ambalo mimi sikuwa nalo. Lakini kumwelewa lazima turudi nyuma kidogo, kwa hivyo vumilieni.

Tuanze nyumbani. Kogo wangu, kama kogo wengi wa Wakipsigis, alitutisha na Chemosit. Kama wewe si Mkalenjin, huyu ni zimwi la usiku. Mwingereza mmoja, A. C. Hollis, alimwandika kwenye kitabu chake kuhusu Wanandi mwaka 1909: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, anatembea akijikongojea na fimbo kama mkuki, na mdomo wake mwekundu unang'aa gizani kama taa. Hapo nywele zimesimama, sindio? Sasa ongeza hii: ana makalio tisa. Tisa! Mtoto anaogopa kutoka nje kukojoa, na wakati huo huo anacheka akijaribu kuwaza hayo makalio yanakaaje kwa stuli. Kogo hakuwahi kutuambia hii ni sehemu ya kucheka na hii ni ya kuogopa. Vilikuja pamoja, kwa sentensi moja. Na asubuhi hatukukumbuka kitu kingine ila hicho.

Lakini vikaragosi vilipoingia magazetini kwetu Kenya, mambo yaligawanyika. Upande mmoja kulikuwa na Juha Kalulu wa Edward Gitau, aliyechekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa zaidi ya nusu karne. Juha jina lake linasema yote. Anafanya ujinga, anaumbuka, kesho anarudi tena. Tunampenda, lakini hakuna mtu aliwahi kungoja Juha aje kumwokoa.

Upande ule mwingine kulikuwa na Lance Spearman, yule Spear. Waulize wazee waliokuwa vijana mwisho wa miaka ya sitini. Hadithi zake zilikuwa za picha za kupigwa na kamera, zikapangwa ukurasani kama katuni na kuchapishwa na kampuni ya jarida la Drum. Jamaa mweusi, kofia imekaa vizuri, sigara kubwa mdomoni, gari la kasi, ngumi zake hazikosi. Kwa kijana aliyekuwa ameona Mwafrika kwenye filamu akibeba tu mizigo ya mzungu, Spear alikuwa kitu kizito sana. Lakini Spear hakuwa na shida ya kodi ya nyumba. Hakuwahi kukosa nauli. Ulimtamani, hukumfahamu.

Kwa hivyo una mjinga anayefanana na wewe ila hawezi kitu, na una shujaa anayeweza kila kitu ila hafanani na wewe. Katikati pale hapakuwa na mtu.

Wa kwanza kupakaribia, kwa maoni yangu, alikuwa Joe. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha jarida Nairobi wakaliita jina hilo hilo, Joe. Huyu alikuwa mwananchi wa kawaida wa mjini: kazi, matatu, baa, polisi, mwisho wa mwezi usiofika. Joe hakuwa na nguvu yoyote. Lakini kicheko chake hakikuwa cha Juha. Alikuwa anaona kila kitu, na kucheka ndiyo njia aliyobaki nayo ya kusema ameona. Jarida lenyewe halikuvuka miaka ya sabini.

Mwaka huo huo, huko Marekani, kitu kingine kilitokea. Spider-Man, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962, alikuwa amezoeleka kama supahiro wa mdomo. Anapigana huku anatania. Halafu 1973, toleo namba 121, mpenzi wake Gwen Stacy anaanguka kutoka darajani. Anarusha utando, anamdaka, na dakika ya kwanza bado anajisifu. Kisha anagundua amedaka maiti. Wanaofuatilia komiki wanajua baada ya hapo utani wa Spider-Man haukusomeka vile vile tena. Bado alitania, lakini sasa tulijua anatania kwa sababu anaogopa.

Batman naye alisukumwa huku na huku. Mwaka 1966 kwenye televisheni alikuwa kichekesho kitupu, na 1986 Frank Miller akamchora mzee, mkali, giza tupu. Miaka ishirini kati ya hizo mbili. Wenzetu wakichoka na kicheko wanakimbilia giza, wakichoka na giza wanarudi kwa kicheko. Mimi sioni hiyo kama kusawazisha. Hiyo ni bembea.

Sasa tuje kwetu, na hapa naomba tutulie kidogo.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, mashamba ya chai ya Kericho hayakuwa mahali pa utani. Wafanyakazi wa makabila mengine walivamiwa kwenye nyumba zao za kambi, wakafukuzwa, wengine hawakutoka hai. Nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka moshi na watu wazima wanaongea kwa sauti ya chini. Ukiuliza, unatumwa nje. Kilichokuwa kikiongea kwa sauti kubwa kila nyumba ni redio. Baadaye redio za lugha za mama zililaumiwa kwa uchochezi, na Desemba 2010 mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alikuwa kati ya Wakenya sita waliotajwa na mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Kesi yake majaji waliifunga Aprili 2016 bila kumtia hatiani. Sipo hapa kurudisha kesi hiyo. Nasema tu hivi: kwa watu wa Bonde la Ufa, mwaka 2010 maikrofoni ilikuwa kitu cha kuogopwa. Neno moja kutoka hewani lingeweza kukuua au kukupeleka The Hague.

Na ni mwaka huo huo wa 2010, mwanzoni kabisa, ambapo kampuni ya Well Told Story pale Nairobi ilitoa komiki ambayo shujaa wake nguvu zake zote ni redio.

Hebu fikiria. Boyie ni kijana wa miaka kumi na tisa hivi. Amemaliza sekondari, hana kazi, anaishi kwao. Chumbani mwake amejiundia mtambo wa redio, na akitaka anadukua masafa ya vituo vingine na kuingia hewani kama DJ B. Karibu hakuna anayejua DJ B ni nani. Mchana yeye ni kijana mwingine tu wa mtaa anayeambiwa atafute kitu cha kufanya. Hiyo ni Clark Kent kabisa! Jina la siri, maisha mawili, nguvu moja. Tofauti ni kwamba nguvu yenyewe imeungwa kwa waya na vipuri. Na wenzake, Maria Kim, Charlie Pele na Malkia, hawana hata hiyo redio. Wana akili zao na shida zao. Lakini wote wanaitwa Shujaaz, na hiyo z ya mwisho ni Sheng, kama komiki nzima.

Kila mwezi zilitoka zaidi ya nakala laki tano, bure, ndani ya gazeti na kwa vibanda vya M-Pesa. Vituo vya redio vya kweli vikapeperusha kipindi cha Boyie. Vijana wakamwandikia ujumbe wa simu na wa Facebook kana kwamba ni binamu yao. Mwaka 2012 Shujaaz ikashinda Emmy ya Kimataifa, na baadaye ikavuka mpaka Tanzania.

Lakini tuzo si hoja yangu. Hoja yangu ni vile utani wa Boyie ulivyokuwa unafanya kazi.

Nitawapa mfano ninaoujua kwa mkono wangu. Kulikuwa na hadithi moja kwenye Shujaaz kuhusu kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue kama chakula. Mwewe amezoea kutafuta kifaranga cha rangi ya kifaranga. Akiona kitu cha zambarau kinatembea chini, anachanganyikiwa. Hiyo ni habari ya kilimo, wasee. Ingekuja kwa baraza la chifu, ingesomwa na afisa mwenye faili, na kila mtu angeangalia saa. Lakini ilikuja kama kioja, ukurasa umejaa vifaranga vya rangi za disko.

Kipande changu hakikutoka hata kwa gazeti. Kilikuwa kimefungia mandazi niliyotumwa sokoni. Nikakisoma nikitembea, nikafika nyumbani nikamwambia kogo tupake vifaranga rangi. Alinitazama kama mtu aliyerogwa. Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akauliza, "Rangi gani?" Kwa sababu wiki ile mwewe alikuwa amechukua wanne, na kwa kogo vifaranga wanne si mchezo. Ni karo, ni chumvi, ni sukari ya wageni. Tulipaka zambarau. Majirani walikuja kutazama, wakatucheka vibaya sana, na kogo akacheka nao. Kati ya kumi na mmoja, tulipoteza wawili. Msimu uliofuata jirani aliyecheka zaidi alikuwa na vifaranga vya pinki.

Angalieni nani alikuwa anachekwa pale. Hakuna mtu aliyecheka kwa sababu kogo ni maskini, na mwewe kumaliza kuku wa mjane haikuwa utani kwa yeyote. Kilichochekwa ni jaribio lenyewe, na mwewe aliyeshikwa bumbuwazi. Shida ilibaki na uzito wake wote, kicheko kikakaa juu ya yule mkubwa anayenyakua. Hata Boyie mwenyewe anapojitania kwamba amesota, anayeshika maikrofoni ndiye anayejicheka. Wewe msikilizaji uliyesota kama yeye hukuguswa. Ulialikwa.

Sasa mlinganishe na yule supahiro mwingine wa 2010. Mnamjua. Machi mwaka huo Just A Band walitoa video ya wimbo wao Ha-He, na ndani yake akatokea Makmende: afro, kitambaa kichwani, wabaya wanaanguka kabla hajawagusa. Neno lenyewe lilikuwa la zamani mtaani. Watoto wa miaka ya themanini na tisini walikuwa wamelikoroga kutoka kwa maneno ya Clint Eastwood kwenye filamu ya Sudden Impact, na lilimaanisha msee anayejifanya mgumu. Intaneti ya Kenya ikalipuka. Kila mtu akatunga utani wake. Wangu ulikuwa kwamba Makmende hachuni chai, majani yanajichuna yenyewe yakimwona. Hata vyombo vya habari vya Marekani vikaandika.

Makmende nilimpenda, na bado nampenda. Alitupa kitu kikubwa: miaka miwili baada ya moto wa 2008, nchi nzima ilikuwa inacheka utani mmoja bila kuuliza ni wa kabila gani. Hiyo si kitu kidogo. Lakini Makmende hakuweza kupoteza. Hakuwa na mama wa kuhofia wala kifaranga wa kunyakuliwa. Shujaa asiyeweza kuumia hukosa hadithi ya pili, na ndiyo maana baada ya wiki kadhaa utani uliisha na yeye akabaki kumbukumbu. Boyie aliendelea mwaka baada ya mwaka kwa sababu alikuwa na kitu cha kupoteza kila mwezi.

Haya, nisiwadanganye kwamba Shujaaz ilikuwa safi kila toleo. Komiki ya bure kuna mtu anailipia. Hii ililipiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili, mashirika ya misaada ya kigeni na wengineo, wenye mambo wanayotaka vijana wasikie: uzazi wa mpango, kilimo, akiba, kupiga kura. Mengi yalikuwa mambo mazuri. Lakini kuna kurasa ambazo ukizisoma leo unasikia harufu ya semina, ile ya soda na skonzi. Mhusika anasimama katikati ya hadithi anaanza kuongea kama bango la zahanati, halafu mwishoni anatupiwa kautani ili tusilale.

Hapo ndipo nilipojifunza tofauti. Utani wa vifaranga usingeweza kutolewa ukabaki na hadithi, kwa sababu utani ndio uliokuwa habari yenyewe. Ule wa semina ungeweza kuutoa na hakuna kitu kingepungua. Ni sukari imemwagwa juu ya dawa, na vijana si wajinga, tunalamba sukari tunatema dawa. Watu wakisema "changanya ucheshi na uzito" kama mapishi, nusu kikombe hiki nusu kile, ndiyo wanapata ukurasa wa aina hiyo.

Sasa nirudi kwa video yangu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini ilikuwa mbaya. Si kwa sababu nilicheka. Mwezi ule Wakenya walicheka sana. Mabango ya maandamano yalikuwa na utani kuliko kipindi chochote cha televisheni, na hakuna aliyedhani vijana wale hawako siriasi. Lakini utani wao ulielekezwa juu, kwa waheshimiwa na saa zao za bei. Wangu ulielekezwa kwa watu waliokuwa wanakohoa kando yangu. Nilikuwa nimeshika kikombe, wao wameshika kifua. Nilicheka kama mtu ambaye hayuko pale, na nilikuwa pale.

Halafu Desemba ikafika, na kijana wa kwetu akatuonyesha upande wa pili wa sarafu. Gideon Kibet, mnamjua kama Kibet Bull, ni wa Bomet. Anachora vivuli: umbo jeusi, bila uso, na bado unajua moja kwa moja ni nani. Mara nyingi ilikuwa ni Rais. Michoro hiyo inachekesha kwa sekunde moja, kisha inakukaa. Tarehe 24 Desemba 2024 alitoweka Nairobi. Ndugu yake pia alikuwa ametoweka. Polisi walikana kuwashikilia. Krismasi ikapita, Mwaka Mpya ukapita, na huku kwetu watu waliokuwa wakicheka michoro yake walikuwa wanafungua simu kila asubuhi kwa woga. Tarehe 6 Januari 2025 waliachiliwa, pamoja na vijana wengine waliokuwa wametekwa.

Boyie alikuwa na jina la siri. Kibet alificha nyuso za aliowachora, lakini lake jina lilikuwa wazi kwa kila mtu. Hiyo ndiyo tofauti kati ya komiki na Bomet. Na wale waliomchukua walielewa kitu ambacho baadhi yetu wenye wafuasi wengi hatukukielewa: kwamba ule utani ulikuwa siriasi kuliko hotuba zote za mwaka ule. Hakuna mtu anayeteka mtu kwa sababu ya mzaha mtupu.

Sisemi kila mtu achore Rais. Sisemi pia tuache upuzi, mimi naishi kwa upuzi, ndiyo unanilipia bando. Nasema kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi siku hizi, najiuliza lile swali la yule dem. Kama ninayemcheka ni mwewe, narekodi. Kama ni kifaranga, naweka simu mfukoni.

Na kwa yule dem, kama bado ananifuata: asante. Sikukujibu siku ile kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa nacheka peke yangu.